Siku Kumi za Karani Pale Busia

Barua yenu, vijana wa mifugo, ilinikuta nikipanda viazi vitamu, kazi ninayoifanya siku hizi kwa ustadi mdogo sana. Mnasema watu sasa wanawaletea mbwa na paka mbiombio, wengine wakilia, na mnataka kujua sisi tulifanyaje zamani, wakati ofisi ya mifugo ilikuwa ya ng'ombe tu. Nitawaandikia ninavyokumbuka. Vyeo na mishahara nitaviacha, viko kwenye faili, na faili zina kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Ila mjue kwamba miaka ile ya sitini hunijia kama vitu vinavyoonekana chini ya maji. Umbo liko, rangi iko, lakini ukinyoosha mkono vinasogea kidogo.

Nilifika Tororo kuanza kazi asubuhi ya ukungu. Ule mwamba mkubwa ambao watu huuona kutoka mbali haukuwapo, ulikuwa umemezwa wote, na nikapita chini yake bila kujua. Miti ya upande wa kiwanda cha saruji ilikuwa na vumbi jeupe kwenye majani, kama miti ya nchi nyingine. Nilikuwa kijana wa Kisamia kutoka Busia, kaptula yangu ya kaki imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Nilikuwa nimefundishwa ng'ombe. Nilijua kuchanja, kuogesha, kupima joto la mwili na kuhesabu kupe. Nilitegemea kukuta ng'ombe.

Nilimkuta paka. Alikuwa juu ya meza ya dawa, kichwa chote kikiwa ndani ya mkebe wa maziwa, akirudi kinyumenyume na kugonga kila kitu. Aliyemleta alikuwa mke wa bwana stesheni, mama wa Kihindi aliyevaa sari ya rangi ya machungwa, naye alikuwa amejiziba macho kwa mikono yote miwili. Pembeni alisimama Yokana, msaidizi wa zamani wa ofisi ile, mtu wa Nagongera, mrefu, mwenye mikono mikubwa kama majembe. Hakuwa akifanya lolote.

"Tumshike?" nikauliza.

"Wewe ndiyo Wandera? Karibu," akasema Yokana. "Hapana shika. Mama, sema na paka yako."

"Niseme nini?"

"Ile unasema kila siku jikoni."

Yule mama akaondoa mikono usoni, akaanza kunong'ona kwa lugha yake. Paka akasimama. Hapo ndipo Yokana akatoboa kitako cha mkebe ili hewa ipite, akamimina mafuta ya kupikia shingoni, akasubiri, akauvuta mkebe polepole huku akiuzungusha. Kichwa kikatoka kimelowa mafuta. Paka alinitazama mimi kana kwamba mkebe ulikuwa wangu.

Yokana hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Siku ile alinieleza jambo moja tu, akiwa anafuta meza. Mwenye mnyama akiingia mlangoni, alisema, sikiliza neno lake la kwanza. La pili ameshalipamba, na la tatu amelisikia kwa jirani. Mimi niliitikia kwa adabu, nikalisahau papo hapo. Nilikuwa na cheti kipya.

Vyombo vyetu mngevicheka. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tukiyafunga kwa kitambaa kama mayai. Sindano zenyewe tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, na zikipoteza makali tulizinoa kwenye jiwe laini ambalo Yokana alilileta kutoka kwao. Kulikuwa na kipimajoto kimoja chenye uzi mrefu, kwa sababu cha kabla yake kilikuwa kimeondoka na ng'ombe. Kulikuwa na iodini, chupa ya etha ya kulaza wagonjwa, glavu nene za mpira zilizokwishapigwa viraka kama baiskeli, na kipande cha mpini wa ufagio cha kukingamishia taya za mbwa. Landrova ilikuwa ya Daktari. Daktari wetu alikuwa kijana aliyetoka masomoni si zamani, mwenye miwani aliyoifuta kila alipotaka kufikiri. Alikuwa akishinda vijijini na chanjo za ng'ombe, ndiyo maana mbwa na paka walibaki kuwa wetu sisi wasaidizi, mimi na Yokana.

Sasa nawaambia yaliyotokea kijijini Mella, ingawa ningependa kuyaruka.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeonekana vijiji vya jirani na watu walikuwa na hofu. Mkulima mmoja wa Kiteso, jina lake Emuria, alituma habari kwamba mbwa wake anatoka mate na kuhangaika. Nikaenda kwa baiskeli pamoja na askari mwenye bunduki. Mbwa alikuwa wa rangi ya majani makavu, amefungwa kwenye kigingi, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele. Mke wa Emuria alinijia kabla sijashuka baiskeli. Alisema, "Bwana, alikuwa natafuna mfupa." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza. Mimi nilikuwa natazama mate. Nilisimama hatua kumi kutoka kwa mbwa, nikatazama kwa muda wa kuvuta sigara moja, kisha nikamwambia askari apige. Bunduki ilipolia, kuku wote wa boma walinyamaza, na ukimya ule ungali unanijia mpaka leo, mchana kweupe, nikiwa katikati ya jambo jingine.

Kichwa kilipelekwa maabara ndani ya debe la barafu. Baada ya majuma kadhaa majibu yakaja, na Daktari akayasoma akiwa amesimama. Akavua miwani, akaifuta.

"Hakuwa na kichaa," akasema.

Nikauliza kama kuna utaratibu wa kumjulisha mwenye mbwa. Daktari alisema hakuna utaratibu. Yokana, aliyekuwa ananoa sindano, hakuinua kichwa.

"Baiskeli iko na upepo," alisema.

Nikaenda. Nilimkuta Emuria akipalilia pamba. Nikamwambia nikiwa nimesimama kwenye mfereji. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, kisha akageuka.

"Sasa alikuwa na nini?"

"Nadhani ni mfupa ulimkwama."

"Bibi yangu alikuambia."

"Aliniambia."

Alinitazama kwa muda, wala si kwa hasira. Kisha akamwita mkewe aniletee maji, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali na jua lilikuwa kali. Yule mama akanipa kibuyu kwa mikono miwili. Nikanywa mbele yao. Kama wangenifukuza ningepona upesi zaidi.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Busia, pale mpakani. Msiifikirie Busia ya leo. Ilikuwa barabara ya vumbi yenye vizuizi viwili vya mti, kimoja chetu na kimoja cha Kenya, na katikati kipande cha ardhi kilichoota majani ambacho mbuzi walikifurahia kwa kuwa hakuna aliyejua kiko chini ya nani. Watu walivuka asubuhi na kurudi jioni, wakisalimiana kwa lugha nne katika sentensi moja. Kazi yangu ilikuwa kukagua wanyama wanaopita. Asubuhi nyingi ukungu ulipanda kutoka mabondeni, na wanawake wenye vikapu vichwani walijitokeza ndani yake mmoja mmoja, vikapu kwanza, kisha wao.

Mmoja wao alikuwa Mama Nafula. Alikuwa na umri wa kunizaa, akiuza omena, wale samaki wadogo waliokaushwa. Alikaa upande wa Kenya na kuuza kwenye soko la upande wetu. Homa ilimchukua masikio yote mawili alipokuwa bado bibi arusi, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na ukitaka akuelewe ulimtazama usoni na kufungua mdomo vizuri. Mbwa wake aliitwa Karani. Alikuwa mweusi, miguu ya mbele myeupe kama mtu aliyevaa soksi fupi. Jina alilipata kwa kazi yake. Alikaa kando ya meza ya omena, na mteja akisema neno, Karani alimgusa mama goti kwa pua. Mteja akija kwa nyuma, alimgusa mgongo. Nilishuhudia mara nyingi. Kuna maofisi niliyoyajua baadaye ambayo wageni hawakupokewa vizuri kiasi kile.

Kisha kichaa cha mbwa kikatokea tena, pande zote mbili za mpaka. Amri ikatoka: mbwa wote wafungwe kamba, na asivuke hata mmoja. Siku ya amri Karani alikuwa upande wetu. Mama Nafula akavuka peke yake jioni, na mbwa akaachwa kwa Apio, muuza nyanya, rafiki yake wa meza ya pili, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko. Kila asubuhi Apio alimleta sokoni kwa kamba. Hivyo ndivyo walivyoishi majuma mawili.

Asubuhi moja, kama saa nne, nilisikia makelele sokoni. Nikakuta watu wamejipanga duara kubwa, wengine wamepanda juu ya meza. Katikati, amefungwa kwenye nguzo ya kibanda, alikuwa Karani. Taya lake la chini lilining'inia. Mate yalitiririka mpaka kwenye zile soksi nyeupe. Alijikuna mdomo, akaacha, akajikuna tena. Askari alikuwa ameshafika na bunduki.

"Bwana Mifugo, toka hapo," akaniambia. "Hii mbwa iko na kichaa. Mimi napiga sasa."

Mama Nafula alikuwa amesimama kati ya bunduki na mbwa, hajui upande upi wa kutazama, maana watu wote walikuwa wanasema kwa wakati mmoja na kwake yeye ilikuwa ni midomo mitupu inayofunguka. Aliponiona alinishika mkono.

"Anataka maji!" akapaza sauti. "Tangu jana anataka maji!"

Hilo lilikuwa neno la kwanza. Nikajilazimisha kulishika kabla halijafunikwa na mengine.

"Anakunywa?" nikamwuliza, nikimtazama.

"Anatia mdomo, anarudi. Anatia, anarudi."

Sasa nyinyi mliosoma mnajua ugumu wake. Mbwa mwenye mfupa kinywani hufanya hivyo. Mbwa ambaye kichaa kimempooza taya hufanya hivyo hivyo, na Daktari alikuwa ametuonya mara nyingi kwamba wasaidizi wanaokufa ni wale wanaoingiza mkono kutafuta mfupa. Nikakimbia ofisi ya forodha kwenye simu. Tororo akapokea Yokana.

"Daktari iko Mulanda, nachanja ng'ombe," akasema. "Anarudi mchana."

"Askari hawezi kungoja mchana. Nifanye nini?"

"Wewe naona nini?"

Nikamweleza. Simu ikavuma kwa muda, ule mvumo wa simu za zamani kama upepo kwenye mtama.

"Mimi hapana ona mbwa kwa simu," akasema mwishowe. "Wewe uko karibu. Angalia yeye mpaka umalize kuangalia."

Nikarudi, nikamwambia askari, "Nipe nusu saa. Simama hapa na bunduki yako. Akikata kamba, piga." Alikubali, nadhani kwa sababu nilimwambia asimame, na kusimama ndiyo kazi aliyoipenda.

Mama Nafula alitaka kumshika mbwa mwenyewe. Nilimkataza.

"Ni mimi anayenijua!"

"Ndiyo maana, mama. Simama pale, mbali, akuone."

Alisimama pale, akaweka mikono magotini kama anavyofanya akiwa mezani. Karani alimtazama, akaacha kuhangaika, akalala chini. Nilivaa glavu. Kwa kijiti kirefu chenye kitanzi nikamkaza shingo, na kwa kijiti kingine nikamsogezea puani koni ya karatasi ngumu yenye pamba iliyolowa etha. Harufu ile tamu ikaenea kati ya meza za nyanya na omena. Watu walianza kusema kwa sauti za chini kama walio kanisani. Niliona miguu ya mbwa ikilegea mmoja baada ya mwingine, na nakumbuka nilihisi kana kwamba ni mimi ninayelala, soko lote likienda mbali, mbali.

Nikakingamisha mpini wa ufagio kati ya taya. Ndani kulikuwa giza. Apio akanyakua kioo cha kinyozi, akalikamata jua nacho, akalitupa moja kwa moja kwenye koo la Karani. Na hapo nikauona: kipande cha mfupa wa mbuzi, kimekaa mtambuko juu kwenye kaakaa, kimebanwa na magego ya pande mbili, nyama imevimba ikakaribia kukifunika. Nikaukamata kwa koleo, ukateleza. Nikaukamata tena, nikavuta kwa nguvu, ukatoka ghafla, na mkono wangu ukagonga jino. Glavu ikachanika kwenye kiraka. Chini ya kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

Watu walikuwa wanashangilia. Mama Nafula alikuwa anacheka na kulia. Nilikwenda kwenye pipa la maji, nikaomba sabuni, nikaosha ule mkwaruzo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuosha kitu chochote maishani.

Daktari alifika mchana, Landrova yake imejaa matope ya Mulanda. Nilimwonyesha mfupa kwanza, nikiwa bado na furaha. Kisha nikamwonyesha kidole. Akavua miwani.

"Taya limefunga?" akauliza.

"Bado linaning'inia kidogo. Nadhani ni uvimbe."

"Wandera, mbwa mwenye kichaa hula chochote. Mifupa, mawe, vijiti. Mfupa huu haujathibitisha kitu. Huenda mbwa ana mfupa, huenda ana mfupa na kichaa." Akaifuta miwani tena, ingawa ilikuwa safi. "Ukingoja umpime, ni siku kumi. Kama ugonjwa umo kwenye mate yake leo, hatafika siku ya kumi. Afungiwe. Asiguswe na mtu. Na wewe kesho asubuhi uende zahanati."

Mtu akipata mkwaruzo wa namna ile siku hizo alichomwa sindano ya tumbo kila siku, na dawa yenyewe ilikuwa na lawama zake. Tulisikia kuna watu iliowapooza. Mimi niliyekuwa nikiwachoma ng'ombe wa wilaya nzima bila kuwaomba radhi, nililala kwenye benchi la zahanati kila asubuhi nikitazama dari. Ng'ombe nawasifu sana.

Karani aliwekwa kwenye banda la mbuzi nyuma ya ofisi yangu. Mama Nafula alivuka kila siku, akaacha omena zake kwa Apio, akaja kukaa kwenye kigoda nje ya uzio, hatua tatu kutoka kwa mbwa wake, mikono mapajani. Siku ya kwanza taya lilining'inia. Siku ya pili vilevile. Nilimsukumia uji kwa kijiti, akaulamba kidogo, mwingi ukamwagika. Nilihesabu kila tone kana kwamba ni langu.

Siku hizo zilikuwa ndefu kwa namna ambayo sijui kuieleza. Joto lilikuwa limetulia juu ya barabara, vizuizi vilipanda na kushuka bila sauti, na nilianza kuyaona mambo kama anavyoyaona yeye Mama Nafula, bila kuyasikia. Alinizungumzisha sana. Alisema baada ya kupoteza masikio aliota ndoto zenye sauti kwa miaka, kisha siku moja ndoto nazo zikanyamaza. Alisema kabla ya Karani aliishi kwa kugeukageuka, maana watu walimtokea tu.

"Sasa unaogopa?" akaniuliza siku ya tatu, akinyoosha kidole kwenye mkono wangu.

"Naogopa, mama."

"Mimi pia," akasema kwa ile sauti ya kuita ng'ambo, mpaka watu wa forodha wakageuka.

Siku ya nne taya likafunga nusu. Siku ya tano Karani akanywa maji bakuli zima, na mimi nikaingia ofisini nikakaa chini kidogo. Lakini siku ya sita, asubuhi, kabla mama hajafika, Karani alibweka mbele yangu kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, imekatika katikati, imeishia juu kama kitu kinachopasuka. Mnajua: mbwa mwenye kichaa hubadilika sauti. Ni dalili tuliyofundishwa wote.

Mama Nafula alipokuja alikuta nimesimama kwenye uzio, akauona uso wangu. Karani akabweka tena kwa kumwona. Aliuona mdomo ukifunguka, akanigeukia.

"Analia vipi?"

Ningeweza kusema, "Vizuri." Asingejua kamwe.

"Sauti imekwaruza, mama. Sauti ya namna hiyo ni mbaya kwa ugonjwa huu. Lakini mimi sijui alikuwa analia vipi zamani. Wewe unajua?"

Akatikisa kichwa. "Nilimpata masikio yangu yamekwisha. Sauti yake siijui."

Tulibaki tunatazamana, watu wawili, na kati yetu hakuna aliyejua mbwa yule hubweka vipi. Kisha nikakimbia sokoni nikiwa bado na kofia ya serikali, nikamwuliza Apio, "Karani hubweka vipi?"

Apio alidhani sindano zimeniharibu. "Vipi kama nini?"

"Sauti yake. Ya kila siku."

"Wewe! Hiyo mbwa nalia kama mlango mbaya tangu iko mtoto. Uliza soko yote."

Niliuliza soko lote. Muuza chumvi aliniigizia, kinyozi akamsahihisha, wakabishana. Wote walikuwa na sauti ileile ya kukwaruza, iliyokatika katikati na kuishia juu. Sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule wa wazee wa soko la Busia wakibweka.

Siku ya saba, ya nane na ya tisa, Karani alikula. Siku ya kumi Daktari akaja na Yokana. Waliingia bandani, wakamtazama kwa muda mrefu, wakamfungua mdomo, wakatazama kidonda kilichopona. Yokana alinyoosha mkono wake mkubwa, mbwa akaunusa.

"Mzima," akasema Daktari. "Wandera, zahanati usiende tena."

Yokana alinipiga bega mara moja, akaenda kukaa kwenye Landrova. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Nikafungua mlango. Karani hakukimbia. Alimwendea Mama Nafula kwenye kigoda chake, akaweka pua gotini, akaiacha pale. Mama akamshika masikio. Hakupaza sauti, kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema chini chini, na sikuelewa neno hata moja, maana alikuwa anasema na mbwa. Baada ya muda akaniinulia uso.

"Wewe umekaa naye siku kumi, umemsikia. Inafanana na nini, sauti yake?"

"Apio anasema kama mlango mbovu."

"Kwetu mlango ulikuwa wa matete. Hauna sauti. Nipe kitu nilichosikia."

Nilifikiri. Vizuizi vilikuwa juu, watu wanapita, naye alisubiri macho yake yakiwa mdomoni mwangu.

"Jiwe la kusagia wimbi," nikasema polepole. "La mama yako. Asubuhi, linapoanza, kabla halijazoea. Halafu mwishoni, mtu akicheka kidogo."

Mama Nafula akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, mkono juu ya shingo ya Karani, na hakuna mtu aliyethubutu kupita karibu.

"Kumbe," akasema, bado amefumba macho, "ndivyo anavyoniita."